Mama Mkwe Asiyekuwamo Kitabuni

Siku ya saba tangu aulizwe, Mwalimu alipanda ngazi za kampuni ya vitabu akiwa na mkoba begani na jibu hana.

Ngazi zenyewe zilikuwa za chuma, na chini yake ndiko ziliko mashine za kuchapia. Mashine zikinguruma, ngazi hutetemeka, na mpandaji naye hutetemeka atake asitake. Kwa miezi minne, kila Jumamosi asubuhi, alikuwa akizipanda mbilimbili, moyo ukimtangulia mlangoni. Leo alisimama njiani mara mbili. Mara ya pili aliinama afunge kamba za viatu, akakumbuka kwamba viatu alivyovaa havina kamba.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na sita, mwalimu wa fasihi wa shule ya sekondari, mjane wa mwaka wa tano. Mumewe alikuwa mpima ardhi. Alitoka asubuhi moja na vyombo vyake begani, anapiga mluzi, na saa tisa alasiri akaletwa amefunikwa shuka. Moyo ulikuwa umemsimama katikati ya kiwanja cha watu. Tangu hapo Mwalimu aliishi na mama mkwe wake, wawili tu, katika nyumba ileile, na majirani walizoea kuwataja pamoja kama kikombe na kisahani chake.

Kampuni ilikuwa imemwomba aandike mwongozo wa riwaya inayotahiniwa: dhamira, wahusika, mandhari, na maswali ya kujipima kila mwisho wa sura. Aliandika sura ya kwanza kwa majivuno. Ikarudi ina alama sitini na tatu za wino mwekundu, na pembeni ya karibu kila hoja pameandikwa neno moja: *Ushahidi?* Siku hiyo alizipanda ngazi hizi amevimba kama chura, akamkuta Mhariri, mwanamume mrefu aliyekunja mikono ya shati, anatafuta miwani iliyokuwa juu ya paji lake mwenyewe la uso.

"Wewe ndiye uliyenichorachora karatasi zangu kama ukuta wa choo?"

"Ni mimi. Miwani yangu umeiona?"

Alikuwa amekuja kugomba, akajikuta anacheka. Tangu siku hiyo wakawa wanabishana kila wiki, chupa ya chai katikati yao, kuhusu watu ambao hawajawahi kuwa hai: nani alimdanganya nani, nani alipenda kweli, nani mwandishi alimwonea. Na katika kubishana huko macho yalianza kukaa mahali yasipotumwa. Akawa anaujua mkono wa kushoto wa Mhariri, ulivyopindika kidogo kwenye kiwiko. Akawa anajua kwamba akikubaliana na hoja hasemi kitu, ila hukuna shingo.

Jumamosi iliyopita Mhariri alikuwa anasahihisha ukurasa, akasema bila kuinua macho: "Mwalimu, nataka kukuoa. Na hapa weka nukta, hii sentensi imechoka."

Alipoinua macho hakuwa anatania. Alimweleza kwamba amepewa tawi la kampuni katika mji mwingine, mwendo wa siku nzima, na kwamba anaondoka baada ya wiki mbili. Hakutaka jibu palepale. "Fikiri," alimwambia. "Ila usinifikirie mpaka nikaisha."

Basi leo ndiyo siku ya saba, na Mwalimu alikuwa hajui amjibu vipi.

Mhariri alikuwa dirishani, mgongo umeelekea mlango. Mezani kulikuwa na sura ya mwisho ya mwongozo, ile ya uhakiki wa wahusika, ambayo Mwalimu aliituma Jumatano. Hapakuwa na alama hata moja ya wino mwekundu. Jambo hilo lilimtisha kuliko sitini na tatu.

"Habari za tangu juzi," Mwalimu alisema.

"Nzuri. Kaa."

"Mbona hukusahihisha?"

"Nilishindwa nianzie wapi." Alivuta kiti, akaketi mbele yake, akashusha miwani. "Tukumbushane hadithi kwanza. Mshonaji anampenda mwanamume. Mwanamume anasafiri. Mshonaji anamngoja miaka kumi na minne, anashona nguo za harusi za wenzake. Siku ya mwisho mwanamume anarudi, anabisha hodi mara tatu. Mshonaji ameketi ndani, mkasi mkononi, anasikia. Hafungui. Kitabu kinaisha. Sivyo?"

"Ndivyo. Nimeisomesha miaka sita, unanifundisha?"

"Na kila mwaka wanafunzi wanauliza swali moja."

"Kwa nini hakufungua."

"Sasa sikiliza jibu ulilowaandikia." Alisoma polepole, sauti haina mzaha. "'Mshonaji hakufungua mlango kwa sababu alikuwa na wajibu kwa mama mkwe wake, mzee asiye na mtu mwingine wa kumtegemea. Kumfungulia mwanamume yule kungekuwa ni kumfungia mama huyo. Hapa mwandishi anaonyesha dhamira ya utu, kwamba mwanamke mwema hajengi furaha yake juu ya upweke wa mwenziwe.'" Akaweka karatasi chini. "Ukurasa wa ngapi huo, Mwalimu?"

"Ukurasa wa..."

Alichukua nakala yake ya riwaya, ile iliyochakaa mpaka jalada limeshikizwa kwa gundi ya karatasi. Alifunua mwishoni. Alifunua katikati. Vidole vilikwenda vyenyewe kwenye sura ya nne, ambako alikuwa na hakika kuna kikongwe kitandani na kikombe cha uji pembeni yake. Sura ya nne ilikuwa na mvua, na cherehani iliyoharibika. Alirudi ya pili. Alirudi ya kwanza.

"Mshonaji hajawahi hata kuolewa," Mhariri alisema taratibu. "Mama mkwe atamtoa wapi?"

Chini yao mashine zilisimama ghafla, na chumba kikawa kimya kiasi cha kusikia feni inavyokwaruza. Miaka kumi na miwili ya kufundisha, na amemtia mtu mzima ndani ya kitabu cha mwenziwe, na kitanda chake na uji wake!

"Nilichoka," alisema. "Ni kosa. Mpe mtu kalamu akate."

"Sitaki kukata. Nataka kuelewa. Nilikuuliza mimi, jibu ukampa Mshonaji."

"Umenivizia."

"Mimi? Umeandika mwenyewe, ukatuma mwenyewe, na nakala mbili juu!"

"Usinicheke."

"Sicheki, Mwalimu. Nikicheka nitalia." Alivua miwani kabisa, akaishika mkononi, na bila miwani uso wake ulionekana kama wa mtu aliyetoka kuamshwa. "Hebu niambie kwa mdomo wako. Ni kwa ajili ya mama?"

"Wewe hujui nyumba yangu ilivyo."

"Nitaijuaje? Nimekuomba mara tatu nije niwasalimu, ukanijibu mvua, ukanijibu mitihani, mara ya tatu ukaniambia kuna kupaka rangi. Rangi ya nini, Mwalimu, ya miezi minne?"

"Nikiondoka yule mama atabaki na nani? Ana binti mmoja, naye ana mume na watoto wake na mdomo usiojua likizo. Asubuhi namwekea dawa kwenye kisahani. Hataki miwani, anasema miwani ni ya wazee. Nisipomwambia hii ni chumvi na hii ni sukari, atakunywa chai ya chumvi na asikubali kwamba amekosea."

"Nani amesema umwache? Nyumba niliyopewa ina vyumba vitatu."

"Akaishi kwa mume mpya wa mke wa mwanawe? Watu watasemaje?"

"Watasema. Kisha watachoka, watatafuta wengine." Alimwinamia. "Umemuuliza yeye?"

Mwalimu aliifunga riwaya, akailaza mezani.

"Hujamuuliza."

"Nitamuulizaje jambo kama hilo?"

"Basi umemtungia maneno. Kikongwe wa watu hajasema lolote, umemfunga kitandani, umempa na uji, ukamwambia ndiye aliyekukataza." Sauti ilikuwa imeanza kumpanda, akaishusha kwa nguvu. "Mimi niliachwa na mke wangu, nimekuambia. Sikukuambia vipi. Nilirudi kazini nikakuta funguo zimening'inia kwenye kitasa, nguo zake hazipo. Hakuacha hata karatasi. Miaka saba mimi namhakiki mtu asiyekuwapo. Nilisema nini? Ni ile siku ya mvua? Ni mama yangu? Ni kuchelewa kurudi? Ukisema hapana nitaumia, lakini nitaumia kama watu wengine wanavyoumia, nitapona. Usinifanye nikakae miaka mingine saba natafuta jibu katikati ya mistari. Nakuomba tu hilo."

Macho ya Mhariri hayakuondoka usoni mwake. Mwalimu alitamani kuuweka mkono wake juu ya ule mkono uliopindika kwenye kiwiko, uliokuwa mezani, karibu, shubiri moja tu. Badala yake alikusanya karatasi. Alizikusanya vibaya, nyingine juu chini.

"Unataka sura yako lini?"

"Jumatatu jioni. Jumatano inaingia mashineni." Akavaa miwani. "Na Jumamosi mimi nasafiri."

Alishuka ngazi bila kushika reli. Barabarani alipita kituo chake, akapita kingine, mpaka jua likamkumbusha kwamba kichwa ni chake.

*

Nyumbani alimkuta wifi yake amekaa sebuleni, miguu imekunjwa kwenye kochi kama mwenye nyumba. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, anakunja nguo zilizoanuliwa. Alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa, na alikunja shati kwa namna ileile ambayo zamani alimfunga mtoto mchanga: mara moja, mara mbili, kwisha.

"Tulikuwa tunakusema," wifi alianza.

"Heri nisemwe nikiwa hai."

"Wifi, mimi sipendi kuzunguka. Nimeambiwa kuna mhariri."

Mwalimu aliweka mkoba chini. "Nani amekuambia?"

"Mji una macho. Nimeambiwa pia kwamba alikuwa na mke, akamwacha."

"Aliachwa yeye."

"Ndivyo wanavyosema wote! Hujawahi kusikia mwanamume akasema, 'Niliacha, nilikuwa na makosa.' Wifi yangu, kaka yangu alikupenda, shahidi Mungu. Ulivyolala homa ile, alikukanda yeye. Leo hata picha yake ukutani haijafifia."

"Sijamsahau kaka yako."

"Sijasema umemsahau. Nimesema picha haijafifia."

Mwalimu alimtazama mama mkwe. Mama mkwe aliendelea kukunja nguo, hakuinua kichwa. Ukimya ule ulimsugua roho kuliko maneno yote ya wifi. Ulikuwa wa namna gani? Wa hasira? Wa huzuni? Kama ungekuwa ukurasa angeupigia mstari na kuandika pembeni. Lakini mama alikuwa mama, na soksi zilikuwa zinapata wenzake, mbilimbili.

"Mama, si useme?" wifi alimhimiza.

"Mumeo amekula?" mama aliuliza.

"Sijui."

"Basi nenda ukajue."

Wifi aliondoka akinung'unika mpaka getini. Mwalimu alibaki amesimama, mdomo umejaa maneno. Aliufungua. Mama akasema macho yanamuuma, akaegemeza kichwa nyuma, akayafumba. Nusu saa nzima alilala usingizi ambao Mwalimu, aliyeishi naye miaka tisa, alijua wazi si usingizi, maana mama akilala kweli hukoroma.

Jumapili ilipita hivyohivyo. Mwalimu alifua pazia lililokuwa safi tayari. Alipanga vitabu kwa ukubwa, akavipangua, akavipanga kwa rangi. Simu aliichukua, akairudisha. Kila alipokaribia kuanza, mama alikuwa na jambo: chumvi imekwisha, paka wa jirani ameingia, redio imepoteza sauti. Mtu angesema wawili hao wanacheza mchezo wa kujificha ndani ya chumba kimoja.

*

Jumatatu kipindi cha tatu alikuwa na kidato cha nne, riwaya ileile, mhusika yuleyule.

"Kwa nini Mshonaji hakufungua?" aliwauliza, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita hakuwa anauliza ili awape jibu.

"Msimamo, Madamu," alisema mmoja. "Ni mhusika duara. Amebadilika, hamtaki tena."

"Kulipiza kisasi. Na yeye angoje."

"Jamii ya mfumo dume, Madamu, inamkandamiza," alisema mwingine, ambaye kwake kila swali lilikuwa na jibu hilo.

Darasa likacheka. Nyuma kabisa aliinua mkono msichana ambaye kwa kawaida alitumia dawati kama mto wa kulalia.

"Madamu, mimi nimesoma tena mwishoni mwa wiki. Nilikuwa natafuta aliyemkataza."

"Ukampata?"

"Hayupo. Baba yake alishakufa. Majirani wanampenda. Hata yule shangazi mkali anamwambia olewa tu. Nimetafuta kitabu kizima, Madamu. Hakuna aliyemkataza." Alikuna kichwa kwa penseli. "Nadhani aliogopa. Kungoja alikuwa ameshakuzoea. Mtu akiingia, inabidi aanze kazi mpya ya kuishi naye."

"Alah! Leo umeamka na nini?" jirani yake alimuuliza, na darasa likaangua kicheko tena.

Mwalimu alikuwa ameelekea ubaoni, chaki mkononi, na alikaa hivyo muda mrefu kuliko ilivyofaa. Alipogeuka aliwaambia waandike hoja hiyo, waitolee mifano mitatu. Kisha wakati wa mapumziko alikaa katika ofisi ya walimu, akaitoa sura yake ya mwisho, akamtoa mama mkwe kitabuni kwa mstari mmoja ulionyooka. Pale alipokuwa aliandika: *Mwandishi hatuonyeshi mtu yeyote aliyemzuia. Msomaji aamue.* Akampa karani wa shule, ambaye njia yake hupita kwenye kampuni, ampelekee Mhariri. Sura ilikuwa imekamilika, naye hakupata ahueni hata chembe. Saa nane alimwomba mkuu wa shule ruhusa, akaenda nyumbani kwa miguu, karibu anakimbia.

*

Mama mkwe alikuwa uani, anaanika shuka. Mwalimu hakungoja kuvua viatu.

"Mama, nataka kuzungumza na wewe, na leo usiniambie chumvi imekwisha."

Mama alibana shuka kwa kibanio, akachukua kingine. "Haya."

"Kuna mtu anataka kunioa."

"Najua. Wewe una miezi minne unaimba jikoni, na sauti yenyewe huna."

"Nimefikiria sana, mama. Umri wako, na nyumba hii, na marehemu. Nikasema labda si vizuri, labda kwanza nikuulize kama..."

"Ngoja." Mama aligeuka. Jua lilikuwa nyuma yake na uso wake haukuonekana vizuri. "Unaniuliza, au unaniambia?"

Mwalimu aliokota kibanio kilichoanguka, akakifuta vumbi.

"Maana kama unaniuliza, nakataa. Hapahapa. Mimi nakupenda, na mtu akiulizwa kama achukuliwe anachokipenda, atasema nini? Utakwenda zako chumbani ulie, na kila nikikohoa utaniona mimi ndiye nilikuzuia. Sitaki kubebeshwa mzigo huo. Kama unaniambia, niambie. Nitalia mimi badala yako. Lakini usinipe kalamu mimi nikuandikie."

Ilikuwa ni kama mtu amemvua Mwalimu koti alilovaa miaka mitano, katikati ya ua, mchana kweupe. Hakuwa na pa kujificha. Alitafuta lile neno, na lilipokuja lilikuja dogo na kavu.

"Nakuambia, mama. Nampenda. Nataka kuolewa naye."

Na mama akalia. Hakulia kistaarabu. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akajifunika uso kwa ile mikono mikubwa, na mabega yakawa yanapanda na kushuka. Mwalimu alipiga magoti mbele yake, naye machozi yanamtoka, na kila kiungo cha mwili wake kilitaka kusema basi, yaishe, sitaki tena. Alijiuma mdomo. Hakusema.

"Si upweke ninaoulilia," mama alisema hatimaye, sauti imekwama. "Usidhani. Mimi nimezalisha wanawake elfu, najua kukaa macho peke yangu. Ni yule mtoto. Alikuwa anakohoa kidogo kabla hajaingia ndani, unakumbuka?"

"Nakumbuka. Kama anayeomba radhi."

"Na kijiko alikigonga mara mbili kwenye kikombe."

"Mara tatu, mama."

"Unaona? Unaona sasa? Nishaanza kusahau! Tukiwa wawili tunasahihishana, anabaki kama alivyokuwa. Nikibaki peke yangu nitaanza kumtunga. Mwaka mmoja tu, nitakuwa na mwana ambaye sikumzaa."

Mwalimu alimshika mikono yote miwili. Katika vitabu vyote alivyovihakiki, hakuna hata kimoja kilichomfundisha kwamba mtu anaweza kumlilia maiti kwa kuogopa kumwongezea chumvi.

"Twende wote," alisema. "Nyumba ina vyumba vitatu. Picha tutaichukua. Utakosea, nitakusahihisha."

"Nikae kwa mwanamume nisiyemjua? Nimwite nani? Mkwe? Mwana?"

"Sijui. Tutajua hukohuko."

"Na yeye akubali kila siku asikie habari za mwanaume mwenziwe?"

"Huyo? Yeye akisikia habari, anachouliza ni ushahidi."

Mama alimtazama kwa macho mekundu. "Kazi yake ni nini hasa?"

"Anasahihisha koma."

"Hiyo nayo ni kazi? Na analipwa?"

Hapo Mwalimu alicheka katikati ya kilio, kicheko cha kamasi, na mama akampiga kofi dogo begani. Hakusema amekubali. Hakusema amekataa. Alijifuta uso kwa ncha ya shuka mbichi, akasema: "Mpigie basi. Mpigie niko hapa. Nikiondoka utaahirisha, nakujua."

Simu iliita sana. Ilipopokelewa, kwanza zilisikika mashine, kelele tupu, kisha sauti ya Mhariri kwa mbali.

"Haloo? Mwalimu? Niko chini kwenye mashine, sikusikii!"

"Nasema nimezungumza na mama!"

"Nini? Umepata sura?"

"Sura unayo wewe! Nasema jibu!"

"Jiwe?"

"Jibu! Nimekubali!" Alikuwa amesimama katikati ya ua, mkono mmoja umeziba sikio, kiatu kimoja kimemvuka mguuni, na alipiga kelele kwa sauti aliyoitumia uwanjani siku za michezo. "Nimekubali! Nitaolewa na wewe!"

Mashine hazikunyamaza. Lakini upande wa pili wa ukuta, mama wa nyumba ya jirani, aliyekuwa naye anaanika nguo zake, aliita: "Hongera, Mwalimu! Ni nani huyo?"

"Umeona?" mama mkwe alisema. "Sasa hata ukitaka kughairi, huwezi."

Kwenye simu kulikuwa na mlango uliofungwa kwa kishindo, kisha kimya, kisha pumzi za mtu aliyepanda ngazi mbio. "Rudia," Mhariri alisema. "Rudia polepole. Nadhani nimesikia, lakini sitaki kudhani."

Kabla hajarudia, mama alinyoosha mkono akaichukua simu. Aliiweka sikioni juu chini, Mwalimu akaigeuza.

"Wewe ndiye wa koma?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Una mama wewe?"

"Ninaye, mama."

"Yuko hai?"

"Yuko hai, tena sana."

"Mwambie aje Alhamisi. Aje yeye kwanza, tuonane wakubwa. Wewe utakaa nje mpaka uitwe. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama. Asante mama. Nitakaa nje."

"Usinishukuru. Sijasema lolote."

Akaikata simu kwa kidole gumba, kwa nguvu, kama mtu anayeua mbu. Aliinuka kutoka kwenye ndoo yake, akanyoosha mgongo, akaokota shuka lililobaki na kulitandaza kwenye kamba. Mwalimu alishika upande wa pili. Walivuta pamoja mpaka likanyooka. Palikuwa bado na mengi yasiyokuwa na mpango: wifi, shule, picha, Jumamosi iliyokuwa inakuja kama gari bila breki.

"Huyo mama yake," mama mkwe aliuliza kutoka nyuma ya shuka, "ni mkali?"

"Nasikia ni mkali sana."

"Afadhali," mama alisema, akapenga kamasi. "Maana wewe miaka tisa sasa nakutafutia ugomvi, na kugombana hujui."